Safu ya Maoni

Mimi ni mwashi. Nikiingia kanisani
husalimu ukuta kwanza, Mungu baadaye;
anisamehe, ndiye aliyenipa vidole hivi.
Leo asubuhi, Kagunguli, nimegonga nguzo kwa kifundo:
imara. Matofali ya kuchoma, chokaa iliyochekechwa,
na chini kabisa, karibu na sakafu,
tofali moja lenye alama ya kwato za mbuzi
aliyekatiza uwanjani kabla udongo haujakauka.
Mbuzi huyo hana kaburi, hana jina,
lakini hakosi ibada hata Jumapili moja.

Nimepanga safari kama watu wenye pesa:
juzi nyumba ya Mjerumani, Mwanza, juu ya mwamba,
paa hakuna, pimbi wanafanya kikao barazani;
jana meli ya Nansio, saruji ya jirani miguuni pangu;
leo kanisa, na saa nane hii, kasri la mtemi.
Mwanangu Mugeta aliuliza kwenye simu,
"Baba, unatafuta kazi au unatembea?"
Sikuwa na jibu. Mwashi akitembea
huwa anatafuta ufa.

Tabu Magesa, binti wa zamu, ananizungusha.
Hapa alikaa mtemi, hapa wageni wake,
hapa ngoma zililazwa zisipigwe na jua.
Anasema kama anayesoma madeni ya dukani.
Nauliza: nani alibeba mawe?
Anatazama karatasi. Karatasi haijui.
Basi nahesabu mwenyewe. Ukuta huu, hatua kumi na nne,
unene wake ncha ya vidole hadi kiwiko,
mawe elfu tatu na ushei,
na kila jiwe lilipanda hapa juu ya utosi wa mtu.
Kodi ya kichwa, kweli kweli.

Mlango wa jikoni umening'inia kwa bawaba moja.
Ukifunguka unaburura, umechora
nusu mwezi kwenye sakafu.

"Andika jina, baba, ndipo ulipe."
Kaunta buku, jalada limefungwa kwa gundi ya karatasi.
Jina. Utokako. Idadi. Maoni.
Sina haraka; nafunua nyuma,
kurasa zilizowahi kulowa, wino umegeuka zambarau,
wanafunzi wa Murutunguru, padri mmoja, bwana afya,
kisha mwandiko unaolalia kushoto
kama mtu anayetembea akipingana na upepo.

Nyangeta.

Siku ile mimi nilibaki langoni
nikimenya chungwa. Nilimwambia,
"Nyumba ni nyumba tu. Nimejenga hamsini.
Nilipe kiingilio nitazame ukuta wa mtu?"
Akaingia peke yake. Akakawia.
Alipotoka gauni lilikuwa na chokaa begani
na sikumuuliza aliegemea wapi.
Kaburi lake nimelijenga mwenyewe, pima maji mkononi,
na bado upande mmoja umezama.

Utokako: Igoma.
Idadi ya wageni: wawili.

Wawili.

Nimerudi ndani bila binti,
nikapita vyumba vyote taratibu, chumba hadi chumba,
bega langu likisugua kila ukuta.
Zipo kuta nyingi. Chokaa yote ni moja.

Maoni yake ni mstari mmoja,
hakuna sifa za mtemi, hakuna "asanteni sana":
*Bawaba ya mlango wa jikoni iangaliwe.*

Nikalipa viingilio viwili. Tabu akatafuta chenji,
akanitazama, akatazama nyuma yangu,
akakata tiketi ya pili.

Chini ya jina langu nikaandika: *Bawaba bado.*
Kisha nikamuuliza duka la vifaa liko wapi,
na Jumamosi hufungwa saa ngapi.